Migebuka Kwenye Antena

Jamani, nimechoka hata kujitetea. Mimi ni dereva, na gari letu la ofisi lina redio ya mawasiliano, isiposhika, hatusogei. Juzi, nikianza safari ya Kasulu, nilinunua migebuka kwa wavuvi wa Katonga. Bosi hataki harufu ya samaki ndani ya gari, basi nikaining'iniza nje, nikaikaza kwa waya kati ya antena na bampa.

Kufika Kidahwe, naita kituo, kimya. Naita tena, kimya. Nikapiga simu ofisini kwa hasira: "Redio yenu mbovu, Kasulu siendi!"

Fundi akaja, na bosi nyuma yake. Redio hakuigusa. Alizunguka mbele, akautazama waya wangu uliomeza mawimbi yote, akaniuliza taratibu:

"Kaka, hii ni antena au kichanja cha samaki?"