Karatasi ya Mafunzo

Kibali changu cha kazi huku ugenini kilifungwa kwa mwajiri mmoja. Akiniachisha kazi, nabaki na muda mfupi wa kumpata mwingine, la sivyo nifungashe virago. Kwa hiyo msimamizi aliponiletea karatasi ya mafunzo ya usalama, niliweka saini bila ubishi. Karatasi ilisema nimemfundisha mwenzangu mpya, mama mmoja wa Kikongo, kutumia dawa zote za usafi. Sikuwa nimemfundisha hata moja. Tulikuwa na mabafu ya jimu nzima kule Sundbyberg na saa mbili za kuyasafisha. Nani angekaa kumfungulia jalada la maelezo? Nilijiambia ni mtu mzima, ataona ninavyofanya.

Aliona nusu. Aliniona nikipulizia vigae dawa ya kuondoa chokaa. Sikumwambia kwamba ile ni tindikali na kwamba haikutanishwi na klorini. Tena haina harufu ya maana, na sisi tuliokulia kule kwetu, pasiponuka klorini hapajasafishwa. Mwaka wangu wa kwanza hata mimi nilikuwa najizuia nisiimimine. Asubuhi moja mwenzangu akaja na chupa yake kutoka nyumbani, akaingia bafuni nilikokwisha kupulizia, akafunga mlango, akamimina.

Nilisikia kikohozi kwanza. Nilipofungua mlango macho yaliniwaka moto. Nikamshika aproni, nikamburuta hadi nje kwenye theluji, huku nikimfokea, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Kituo cha afya kilikuwa mtaa wa pili. Hakujua Kiswidi, hivyo mkalimani nikawa mimi. Nesi alimvisha barakoa ya oksijeni, akauliza amevuta hewa ya nini.

"Yaya, uwaambie nilimwanga javel, ile klorini, juu ya dawa yako," mwenzangu akasema, sauti imemkauka; kwao yaya ni ndugu mkubwa. "Sikujua ni mubaya. Hakuna mutu alinionyesha."

Nilitafsiri klorini, nikatafsiri tindikali, bila kupunguza kitu, maana mapafu yalikuwa yake. Ile sentensi ya mwisho niliimeza. Nilijichukia, lakini niliimeza.

Nesi aliandika. Kisha akauliza kama mgonjwa alipewa mafunzo ya dawa hizo, kwa kuwa ajali ya kazini lazima iripotiwe. Nilimfikiria binti yangu aliyekuwa darasani Farsta saa ile, anayenijibu kwa Kiswidi hata nikimwita ale ugali. Niliifikiria saini yangu. Kusema kweli ni kujitaja mwenyewe. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na mimi sikuwa na pa kutokea.

"Ja," nikasema.

Kiswidi cha mwenzangu kilikuwa maneno manne au matano, na hilo lilikuwa mojawapo. Aliishusha barakoa hadi kidevuni, akanitazama.

"Umekubali nini, yaya?"