Mama Mkwe na Mngurumo wa Gurudumu la Mbele

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Gari langu lilipoanza kunguruma mbele, hasira zote nilizimalizia kwa fundi, kwa barabara, na kwa mke wangu ambaye alikuwa na mimba ya miezi minane na wala hakuwa ameligusa.

Nilikuwa napeleka mchele Geita kuwauzia wachimbaji. Nikirudi nyumbani Kishapu, gari likishika mwendo, mngurumo unaanza chini ya miguu, na kadiri ninavyokanyaga mafuta ndivyo unavyopanda. Nikasema ni beringi ya kushoto. Kwa nini kushoto? Kwa sababu ndiko nilikousikia, basi. Fundi akataka kupima kwanza, nikamkata kauli: "Kwani gari la nani?" Akabadilisha ya kushoto. Nilikuwa nimenunua mbili, ile nyingine nikaitupa kwenye buti. Mngurumo ukabaki palepale. Nikatangaza kwamba ni matairi.

Kila tulipokwenda kliniki, kiti cha nyuma alikuwa akikaa mama mkwe. Alikuja kumwangalia bintiye, maana watoto wetu wawili wa kwanza tuliwazika siku walipozaliwa, na huyu wa tatu daktari alishasema atatoka kwa upasuaji. Kwetu mkwe anaheshimiwa mpaka inachosha: hatutazamani usoni, hatuli pamoja, na neno likiwapo linapitia kwa mke wangu, hata tukiwa watatu ndani ya gari moja.

"Mwambie mwenzio kelele iko huku kwangu, kulia," anasema mama mkwe.

Mke wangu ananigeukia. "Mama anasema iko kulia."

Na mimi niliyesikia vizuri kabisa najibu, "Mwambie mama ni matairi."

Yule mama amechunga ng'ombe tangu utoto, usukani hajawahi kuushika. Ningeanzaje kumsikiliza? Wiki tatu zikapita hivyo.

Asubuhi ya kumpeleka mke wangu hospitali, mjini Shinyanga, niliwasha gari nikaligeuza pale uani. Likakwaruza vibaya. Mama mkwe alikuwa amesimama na mfuko wa nguo za mtoto. Akauweka chini, akanitazama usoni.

"Baba, mwanangu haingii humo."

Miaka sita ya ndoa, hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe. Mke wangu aligeuka pembeni kwa aibu. Mkwe akaendelea. "Ng'ombe akichechemea, mguu mbovu huuoni akienda moja kwa moja. Unamgeuza. Wewe ukikata kushoto linalia, kwa sababu uzito unaangukia huku kulia. Ukikata kulia linapoa. Nimezika wajukuu wawili. Huyu sikubali nimzike."

Mdomo nilikuwa nimeshaufungua nimfokee. Nikaona mikono yake imeshikana kwa nguvu juu ya khanga, na hasira ikaniishia mwilini. Nikampigia fundi simu.

Fundi akapiga jeki kulia, akaweka kiganja kwenye springi, mkono mwingine ukazungusha gurudumu. "Njoo ushike mwenyewe, bosi." Nikashika. Springi ilikuwa ikitetemeka kama jiwe la kusagia. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa, likacheza. Alipofungua, gololi zilikuwa zimelika na kuungua, na chuma kinachozishikilia kimekatika vipande.

"Hii ingefunga gurudumu njiani," alisema. "Ukiwa kwenye mwendo, sijui ungeponea wapi."

Nilikaa chini vumbini na suruali yangu ya safari, nikasema Mungu wangu, Mungu wangu. Beringi mpya ilikuwa kwenye buti, ndani ya boksi lake, imelala pale siku zote nilizokuwa nikibishana.

Fundi akaifunga, na saa sita mchana tukaondoka. Kimya! Nilikata kushoto, nikakata kulia, kimya. Nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu, na mke wangu naye akacheka huku ameshika tumbo. Mama mkwe alikuwa nyuma, anatazama mashamba ya pamba, kana kwamba hajawahi kuniambia lolote. Nilitaka kumwomba radhi. Kupitia kwa mke wangu niliona haitoshi, na moja kwa moja ningemwaibisha, kwa hiyo nikanyamaza mpaka hospitali.

Kesho yake mtoto akalia. Wa kike, mzima, na mama yake mzima. Mkwe alitoka naye hadi ukumbini nilipokuwa nasubiri, macho ameyainamisha, akanipokeza huku amegeukia ukuta kama heshima inavyotaka. Kisha akasema, si na mimi, bali na kile kichanga: "Mwambie baba yako, siku nyingine akisikia kelele, awaulize waliokaa nyuma."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nikamwinamia binti yangu.

"Mwambie bibi asante, wabeja sana," nikasema. "Mwambie nilikosea."