Nilivyozigawa Seli Mpaka Zikaisha

Aibu hii nimeificha sana, lakini kwa vile mmenibana, wacha niitoe. Ilikuwa 2013, nikiuza vitambaa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi (mimi mtu wa Kitale, Biolojia niliiacha kidato cha pili nikamshukuru Mungu), na kanisa letu likapata daktari wa kigeni kutoka hospitali ya Lodwar wa kuwaeleza akina mama habari za uvimbe kwenye matiti. Kiswahili hakujua, Kiingereza tu. Mchungaji akauliza nani atatafsiri, nami kwa kiherehere changu nikanyoosha mkono.

Nilianza vizuri, mpaka daktari akasema mwili wote umejengwa kwa seli. Nikatafsiri hivyo hivyo. Akina mama wakatazamana, mmoja akauliza, "Seli ya polisi iko ndani ya mwili?" Nikasema hapana, hii ni nyingine, ndogo sana (nyingine ipi, hata mimi sikujua). Daktari akaendelea: seli hugawanyika, na saratani ni pale zinapogawanyika bila kukoma.

Hapo akasimama Mama Achol, mkimbizi wa Sudan Kusini, fundi wa nguo na mteja wangu, ambaye sote tulijua ana uvimbe titini.

"Ndugu, mimi nikigawa unga, kila bakuli inapata kidogo. Sasa hii seli ikigawanyika, si inapungua?"

Nikachanganyikiwa kabisa, maana hesabu ni hesabu, na kugawa ni kupunguza. Kumuuliza daktari kungechukua nusu dakika, lakini niliona haya mbele ya wateja, basi nikajibu, "Ndiyo mama, inagawanyika mpaka inaisha."

Mama Achol akafumba macho. "Mungu asifiwe," akasema, akachukua kikapu chake akatoka, na wengine wakapiga makofi. Daktari akaniuliza kwa Kiingereza mbona wanashangilia saratani.

Ikabidi nikiri. Akanieleza polepole kama mtoto: seli hula, hukua, hunakili yote yaliyo ndani yake, ndipo hujikata mbili, na kila moja ni nzima, nayo itakua na kujikata tena; ndiyo maana uvimbe huongezeka. Mchungaji akanisimamisha niyarudie yote, nikianza na neno "nimewadanganya."

Kisha nikatoka mbio juani, kandambili moja ikikatika, nikamkuta Mama Achol karibu na kambi. Nikamwambia nilikosea, haipungui, arudi. Akaniuliza:

"Sasa ukweli ni gani? Ya saa ile ama ya saa hii?"

Nikamwambia, "Mama, mimi sijui kitu. Twende kwa anayejua."

Alirudi, akapimwa, akapelekwa Lodwar, uvimbe ukatolewa, na haukuwa ule mbaya. Lakini nikifikiria angekaa nyumbani akisubiri ujigawe mpaka uishe, aibu hunirudia upya. Kwa hivyo mkitaka niwatafsirie kitu, niulizeni kwanza kama nimekielewa, na nikisema ndiyo, niulizeni tena.