Hina na Mchanga

Juzi mjukuu wangu alikoroga hina jikoni, na harufu yake ya majani mabichi ikanirudisha kwenye kisima cha shule ya masista, pale Kasongo, mashariki mwa Kongo.

Siku hiyo Idi ilikuwa imepita jana yake. Bibi alikuwa amenipaka hina mpaka kwenye kucha, nami nilikwenda darasani nikijivunia. Wakati wa mapumziko wasichana wenzangu walinizunguka kisimani.

“Mikono yako iko na damu ya nani?” aliuliza mkubwa wao. “Hapa hatutaki mutoto wa Waarabu.” Ndivyo walivyotuita sisi Waislamu, tangu enzi za biashara ya watumwa.

Wakaanza kunisugua kwa mchanga. Aliyenishika mikono isiponyoke alikuwa rafiki yangu, tuliyekaa naye benchi moja. Akaninong'oneza, “Nyamaza, ama watanigeukia na mimi.”

Hina haikutoka, ila ngozi ilichubuka.

Sista mzungu alipokuja, nilidhani atawafukuza. Aliinua viganja vyangu vilivyokuwa vikivuja damu, akavitazama, akasema, “Sasa iko safi kidogo.”

Wote wakacheka. Rafiki yangu naye alicheka, huku akiniangalia usoni. Nami, machozi yakinitiririka, nikacheka pamoja nao, tena kwa sauti kuwashinda wote.