Sikukuu ya Kutokwenda Mtoni

Desemba iliyopita nilirudi kijijini kwetu Muthetheni kula keki ya mtu mwingine. Ilipakwa rangi za bendera, nyeusi, nyekundu na kijani, na mistari myeupe katikati. Binamu yangu alisimama nyuma yake na kisu mkononi, akitabasamu kana kwamba uhuru ni yeye aliyeuleta. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza gwaride. Nilipiga makofi kama wengine. Lakini wewe nitakuambia ukweli, rafiki yangu: nilimwonea wivu, na ulikuwa wivu ule ule wa utotoni, haujapungua hata kidogo.

Binamu yangu alizaliwa tarehe kumi na mbili Desemba. Mimi nilizaliwa tarehe kumi na tisa Septemba. Ukiwa mtu wa Ukambani umeshaelewa. Desemba mvua imenyesha, kunde zimechipua majani laini, maembe yameanza kuiva, na watu wote wanaofanya kazi mbali wanarudi nyumbani na mikate na soda. Septemba ni vumbi. Ng'ombe wamekonda, upepo unapeperusha majani makavu, na hakuna mtu anayerudi kutoka mahali popote.

Sote wawili tulilelewa na nyanya, ambaye sisi tulimwita susu. Mama yangu alikuwa mpishi katika hoteli ya madereva wa malori kule Mlolongo, na mjomba na mkewe, wazazi wa binamu yangu, walikuwa wakihangaika Nairobi. Mama aliweza kuja Desemba tu. Kwa hiyo hata mama yangu mzazi, ukitazama vizuri, alikuwa akija kwa siku ya binamu yangu.

Pengine ningevumilia, kama si mwalimu wetu wa darasa la sita. Alikuwa mtu mwembamba aliyependa historia kuliko chakula. Alishona pamoja karatasi za mifuko ya simiti, akazichora miraba ya mwaka mzima na kuzitundika ukutani nyuma ya darasa. Katika kila mraba aliandika jambo kubwa lililotokea siku hiyo: Ghana kupata uhuru, mapinduzi ya Zanzibar, watoto wa Soweto kuandamana. Chini yake aliandika jambo la kwetu, lolote tulilomletea kutoka nyumbani. Ndiyo maana tarehe ishirini Julai binadamu alikanyaga mwezini, na ng'ombe wa mwenye duka akazaa mapacha. Mwalimu alisema siku ni kama nyumba, wanaingia wakubwa na wadogo.

Mraba wa binamu yangu ulijaa hadi pembeni. Uhuru wa nchi yetu ulikuwa hapo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, nchi ikawa jamhuri, nayo ikaandikwa. Kisha kuzaliwa kwake, kwa herufi ndogo ndogo kwa kukosa nafasi. Alikuwa akipita nyuma ya darasa bila sababu yoyote, apate kuusoma tu. Wangu ulikuwa na namba kumi na tisa, basi.

Nilimwomba susu msaada. Alikuwa akitwanga mahindi ya muthokoi, mchi ukipanda na kushuka, makapi yamemjaa kwenye kitambaa cha kichwa. Nikamuuliza siku niliyozaliwa kulitokea nini.

"Ulitokea wewe," alisema, bila kuacha kutwanga.

"Lakini susu, nchini kulitokea nini?"

"Nchini sijui. Mimi nilikuwa hapa, nimekushika."

Nilinuna. Nilitaka vita, au mfalme, au hata tetemeko dogo la ardhi. Sikutaka kwenda kumwambia mwalimu kwamba nilishikwa.

Asubuhi ya tarehe kumi na tisa mwalimu alisimama mbele ya mraba wangu, chaki sikioni, akakuna kidevu. Alisema amesikiliza redio, ameuliza walimu wenzake, na hakuna aliyekumbuka kitu. "Tutajaribu mwaka ujao," akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. Darasa likacheka. Binamu yangu alicheka kuliko wote.

"Siku yako haiko na kitu," aliniambia njiani tukirudi. "Si ungezaliwa tu siku ingine?"

Tulipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kuchukua mtungi na mukwa, ule ukanda wa kubebea mzigo unaokaa kwenye paji la uso. Maji tulichota mtoni, na mtoni Septemba hakuna maji, kuna mchanga. Unachimba kwa kibuyu mpaka shimo linakumeza kiunoni, unasubiri maji yajikusanye, unateka kidogo kidogo. Kisha unapanda kilima ukiwa umeinama, mukwa ukikukata kichwa. Nililia nikiufunga ule mtungi, na binamu yangu akamwambia susu kwa nini nalia. Alidhani ananichongea.

Susu alinisikiliza nikilia kwa kwikwi, halafu akanivua mukwa kichwani.

"Leo hauendi mtoni," akasema. "Leo ni sikukuu."

Nilidhani anatania. Lakini alikiburuta kiti chake cha miguu mitatu hadi kivulini, kiti ambacho mtoto hakuthubutu kukikalia, akanikalisha juu yake. Kisha akauvaa mukwa wangu yeye mwenyewe, mgongo ule wake mbovu, akamwita binamu yangu wafuatane. Niliwatazama wakishuka kilima mmoja nyuma ya mwingine. Binamu yangu aligeuka kuniangalia mara nyingi, uso ameukunja. Rafiki yangu, sijawahi kuketi mahali patamu kama pale. Jioni tulikula muthokoi uliochanganywa na mbaazi, na susu akanipakulia wa kwanza, kabla hata ya mzee jirani aliyekuwa amepita kutusalimia.

Kesho yake nilimwambia mwalimu kwamba jana kwetu kulikuwa na sikukuu. Akauliza, sikukuu gani? Nikamwambia ni ya kutokwenda mtoni. Alicheka mpaka akavua miwani, lakini aliandika. Neno kwa neno, na kwa herufi kubwa, maana nafasi ilikuwepo. Tangu hapo susu aliiadhimisha kila mwaka hadi nilipoondoka kwenda sekondari, na kila mwaka alibeba maji yangu.

Sasa turudi kwenye ile keki. Nadhani hujajua kwa nini familia nzima ilikusanyika. Susu alifariki miaka michache iliyopita, na alifariki tarehe kumi na mbili Desemba. Katika siku zote za mwaka, akaenda hiyo! Nilipopigiwa simu nililia kwa uchungu, na katikati ya kilio wivu ukachomoza kichwa: hata hili amelichukua binamu yangu. Sasa kila mwaka tunaanza na misa ya susu, kisha keki. Na walipogawana vitu vyake vichache, kile kiti cha miguu mitatu kilikwenda kwa binamu yangu. Mimi nilipewa blanketi.

Baada ya wageni kuondoka tulibaki tukiosha sahani, yeye na mimi. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia amebahatika: uhuru wake, jamhuri yake, sasa susu pia. Aliweka sahani chini.

"Unajua siku yangu nilikuwa nafanya nini?" akaniuliza. "Nyumba imejaa watu, wote wanataka chai, wanataka kuoga. Nani alikuwa anaenda mtoni? Ni mimi. Kutoka asubuhi. Hakuna mtu hata mmoja alishawahi kunitoa mukwa. Siku yangu ilikuwa ya serikali. Yako ilikuwa ya susu."

Niliiokota ile sahani, nikaisuuza tena. Miaka yote hiyo nimemwonea wivu, kumbe naye alikuwa akipanda kilima na maji, akikitamani kile kiti.

Mto wenyewe haupo tena kama tulivyouacha. Malori yamezoa mchanga wote, mawe yamebaki wazi, na watu wanachota maji kisimani kwa mashine. Kalenda ya mwalimu ililiwa na mchwa, na mwalimu mwenyewe ametangulia. Mwanangu alinionyesha kwenye simu kwamba tarehe kumi na tisa Septemba, zamani sana, wanawake wa New Zealand walipata haki ya kupiga kura, kabla ya nchi nyingine zote. Jambo kubwa kweli. Nililisoma, nikamrudishia simu yake.

Septemba hii, asubuhi ya siku yangu, nilikuwa jikoni kwangu Mlolongo, mikono imejaa povu, simu ikalia. Alikuwa binamu yangu. Hakunisalimu.

"Leo hauendi mtoni," alisema.

Sauti ilikuwa ya susu. Sijui ameirithi lini, na mbona sikupewa mimi. Nikamuuliza amekalia nini. Akacheka, nami nikajua ni kile cha miguu mitatu.

Nikafunga bomba, nikavuta kiti cha plastiki, nikaketi.