Kuku wa Mama na Amri ya Bwana Afya

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji moto hunirudisha Ukunda, mwaka ule watalii walipoadimika na Baba akaachishwa kazi ya kufua mashuka hotelini. Tulikuwa tukiishi kwa mayai ya Mama. Kuku wake walitembea watakavyo, wakipekua bustani za majirani kana kwamba wana hatimiliki.

Asubuhi moja akaja bwana afya, kijana mwenye adabu, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akaeleza kuwa kwetu sasa ni mjini. Sheria inakataza kuku kuzurura. Wafungiwe bandani, na banda likae mbali na nyumba ya mtu. Jirani alikuwa amelalamika. Akatupa hadi Ijumaa.

Mama aliomba vyandarua vikuukuu, akakata fito, nami nikamshikia kamba. Tatizo lilikuwa kiwanja. Banda likisogezwa huku, linagusa ukuta wa jirani. Likirudishwa kule, liko mlangoni petu. Nilimwona akipima kwa hatua, akifika mwisho, akigeuka, akipima tena, utadhani ardhi ingemwonea huruma ikaongezeka. Mwishowe akaketi mchangani, kanga imemteleza kichwani, asijali.

Kuuza nako kukashindikana. Mtaa mzima ulikuwa umepewa amri ileile, na kila mtu alikwenda sokoni amekumbatia kuku wake.

Ijumaa, baada ya swala, bwana afya akarudi. Mama alimwombea kuku mmoja tu, aliyekuwa akiatamia.

"Niachie huyu atotoe, mwanangu. Nitamfunga mguu, hatatoka."

Kijana akatazama viatu vyake. "Nikikuachia wewe, mama, wengine nitawaambia nini?"

Baba akanoa kisu. Mama akabandika maji.

Siku zile tulikula kuku wa nazi mchana na usiku. Mimi na mdogo wangu Mwanasha tuligombania vidari, tukalamba vidole. Nikamuuliza Mama kama ni Idi. Akaendelea kunyonyoa. Wenzangu niliwaringia kuwa tumetajirika.

Muhula ulipofunguliwa, sare yangu ilibaki msumarini. Mama alisema nipumzike kidogo, nami nikafurahi kupumzika. Nilirudi darasani mwaka uliofuata, wenzangu wakiwa mbele. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kuwa ada yangu ilikuwa ikitagwa pale uani, na kwamba kila sufuria niliyoikomba kwa furaha, Mama alikuwa akiitazama ikiisha.