Kumtafuta Mkwe kwa Muhuri

Haya nyie, wa barazani na wa mlangoni, sogeeni! Na weye mwanangu uliyesimama kama mlingoti, kaa, hakuna anayekufukuza. Nnataka kukusimulieni nilivyokwenda kumtafuta mkwe aliyekufa kabla mke wangu hajazaliwa.

Nakumbuka siku moja, miaka miwili mitatu hivi baada ya Mapinduzi, mie kijana, nachoma mishikaki Forodhani. Mishikaki gani! Moshi wake ukivuka bahari, watu wa Bagamoyo wanakula ugali mkavu kwa kuunusa. Anayebisha akaulize.

Nilikuwa na mchumba, Zuwena, wa Ng'ambo. Mahari tumeshakubaliana, mchele umeshanunuliwa. Tukenda kwa sheikh wa mtaa kupanga siku ya nikahi. Sheikh akauliza, "Walii wa binti nani?"

Mie nikainua macho, nikahesabu boriti za dari.

Maana, mwanangu, binti anataka walii, mwanamme wa upande wa babake wa kumuoza. Na babake Zuwena, jina lake Simai, alikwenda vitani Bama, hiyo mnayoiita Burma, zama za Mngereza, akafa huko, Zuwena yumo tumboni. Kwao wapi? Mamake Zuwena, Bi Mize, hajui. Simai aligombana na babake huko kwao, akakimbilia mjini, akaoa. Kila akiulizwa kwao wapi, anasema, "Nikirudi vitani nitakupeleka." Ndo hakurudi.

Sheikh akasema, "Hilo si zito. Asiyekuwa na walii, kadhi humuoza."

Mie nshafurahi, nnatafuta viatu vyangu. Sauti ya Zuwena ikatoka nyuma ya pazia.

"Sheikh, nisamehe. Mie sitaki kuozwa na kadhi na hali baba yangu ana kwao. Toka mdogo naambiwa mtaani kwamba sina watu, nimeokotwa jaani. Baba yangu hakuota kama uyoga. Huyu bwana kama ananitaka, akanitafutie watu wangu."

"Na nikiwakosa?" nikauliza.

"Utakuwa umekosa na mke."

Basi. Mchele ukarudi stoo, mie nikaingia kazini.

Bi Mize alikuwa na karatasi moja ya jeshi, ile aliyoletewa ya msiba, ina namba ya Simai. Nikaipeleka kwenye ofisi moja mjini yenye mafaili ya zamani. Karani akanambia njoo kesho. Kesho yake, njoo kesho. Nikaenda nikarudi mpaka mlinzi akadhani nimeajiriwa, akaanza kunambia nachelewa kazini! Siku nilipokwenda na mishikaki, faili likaonekana kabla pilipili haijapoa. Mchwa walishalila, umebaki ukurasa mmoja. Karani akanisomea, maana mie sijui alifu wala be: Simai wa Ame. Kazaliwa Jongowe, Tumbatu. Alama ya mwilini, kovu bega la kushoto. Akaninakilia, akagonga muhuri.

Muhuri ule, wanangu! Mkubwa kama sinia la biriani. Hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Nikasema, mtu mwenye muhuri hendi na shati la moshi wa mishikaki. Nikaazima koti la binamu yangu, nikachomeka kalamu mbili kifuani, nikapanda gari mpaka Mkokotoni na kuvuka kisiwani. Koti lenyewe la mtu mnene. Upepo ukivuma mie nnatangulia, koti linafuata.

Nikaingia kijijini sijaamkia mtu. Nikawakuta wazee wamekaa, nikakunjua karatasi, nikapaza sauti, "Nnamtafuta Simai wa Ame!"

Mzee mmoja akaitazama ile karatasi, akazitazama kalamu. "Hatumjui."

"Kazaliwa hapa hapa."

"Labda hapa pa kwengine."

Nikenda nyumba ya pili, hatumjui. Ya tatu, wakafunga mlango kabla sijasema. Kijiji kizima hakuna anayemjua Simai wala Ame. Mbuzi mmoja alinitazama, nikaona na yeye anataka kusema hanijui. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu mie ilikuwa ile karatasi, na naipeperusha mwenyewe.

Nyumba ya mwisho nikamkuta bi mkubwa kakaa kizingitini anasuka ukili wa mkeka. Nikamuuliza kwa sauti ile ile ya serikali, "Simai wa Ame unamjua?"

Vidole vyake vikasita. Kidogo tu. Kisha vikaendelea kusuka. "Simjui."

Nikachoka. Jua limenipiga, koti linanichemsha, njaa inanikata. Nikakaa chini mbele yake kama gunia lililodondoka. "Shikamoo, bi mkubwa," nikasema, maana nilikuwa sijamwamkia hata yeye. "Naomba maji."

"Marahaba." Akaniletea maji kwenye kata. Nikanywa, nikawa nnalalama peke yangu: "Sasa Zuwena nitamwambia nini mie? Harusi ndo ishakufa hiyo."

"Zuwena ndo nani?"

"Mchumba wangu. Huyo Simai babake. Anataka mtu wa kwao amuoze."

Ukili ukamwanguka mkononi. "Simai ana mtoto?"

"Anaye, bi mkubwa. Binti."

"Na yeye mwenyewe Simai yuko wapi?"

Wanangu, mie huyu mnayemjua, niliyewahi kumshinda maneno dalali wa Darajani, siku ile koti likanielemea mabegani. Nikavua koti. Nikaliweka pembeni pamoja na kalamu zake.

"Mungu kamchukua, bi mkubwa. Vitani, huko Bama. Zamani, mtoto hajazaliwa."

Hakupiga kelele. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akajifunika uso kwa upindo wa kanga. Akajifunua, akasema, "Mie ndo mamake."

Taarifa ya msiba ilikuja kwa mkewe mjini, kwao haikufika; walisikia tu kwamba kaingia jeshi. Yeye miaka yote akiamini mwanawe alitoroka jeshi, kajificha bara, siku moja atarudi. Kwa hiyo kila akija mtu na karatasi, yeye na majirani wanamkana Simai, asije mtu akamponza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Leo ushanifanya nimkane mwanangu naye kaburini," akanambia. Hakusema kwa ukali, na ndo maana imenikaa mpaka leo. "Ungeingia na salamu, ukasema umenletea mjukuu, ungenikuta nishasimama mlangoni. Mtu hatafutwi kama mwizi, mwanangu."

Nikainamisha kichwa. Kisha nikakumbuka, nikamuuliza taratibu, "Alikuwa na kovu, bi mkubwa? Bega la kushoto?"

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Uji! Alikuwa anatambaa, akakivuta chungu cha uji wa moto. Akalia yeye, nikalia mie, akalia na babake." Hapo wote tukajua ndiye.

Mnaona? Ile karatasi ilijua kovu. Uji ilikuwa haiujui.

Habari ya harusi ikapita kijijini kabla sijamaliza maji. Subhanallah! Asubuhi Simai hakuna anayemjua. Adhuhuri kijiji kizima ni ndugu zake. Mzee wa "labda hapa pa kwengine" akaja mbio anajifuta jasho: "Simai? Simai wetu? Mie ndo ami wa binti!" Mwengine, "Mie ndo mkubwa!" Hata muuza pweza aliyepita njia alitaka kuoza.

Bi mkubwa akasimama. "Tulieni! Marehemu Ame alizaa wanaume wawili tu. Mmoja ndo huyo tunamlilia. Wa pili, wa mke mdogo, yule pale."

Nikageuka kumtazama ami yake Zuwena. Ni kijana, Vuai, ndevu tatu, na moja katika hizo nadhani ilikuwa uzi. Mdogo kuliko mke wangu, mdogo kuliko mie kwa miaka mingi! Nikauma ulimi, nikainama: "Shikamoo, baba mkwe."

Akatazama nyuma yake kuona nnamwamkia nani.

Tukamsomea Simai hitima kwanza, kule kule Jongowe, ndipo tukaja mjini kwa harusi. Zuwena alipomuona bibi yake mlangoni alimshika mkono, akaupitisha kwenye uso wake mwenyewe, bibi amjue kama kipofu anavyomjua mtu. Na wale waliomwita wa jaani, siku ile waliletewa biriani na watu wa kwao Zuwena, boti zima la watu, wakala kimya.

Sasa mwanangu, nisikilize. Ukimtafuta mtu, tanguliza salamu, kisha sema kheri uliyokuja nayo, karatasi iwe ya mwisho. Mafaili yahifadhini, mie siyadharau, bila lile nisingejua hata njia ya kupanda. Lakini faili litakufikisha mlangoni tu, kufunguliwa ni utu wako. Na weye unayeondoka kwenu na hasira, ondoka, lakini mwonyeshe mkeo njia ya kwenu, vita haviagi. Mungu akupeni kizazi chenye kujuana, akulindeni na kufa ugenini bila mwenye habari zenu, na kila mlango mtakaobisha hodi mwitikiwe karibu. Semeni amini.

Msiinuke, nikahi bado! Vuai kavishwa kanzu ya kuazima, kakamata mkono wangu. Sheikh akamtamkia, na yeye akafuata neno kwa neno, sauti inapanda inashuka, mpaka akamaliza: kaniozesha Zuwena binti Simai. Nikajibu nimekubali. Vigelegele vikapasua mapaa. Nikambusu mkono, "Shikamoo, baba mkwe."

Mara hii hakutazama nyuma. Akakaza ndevu zake tatu, akasema mbele ya sheikh na wazee wote:

"Marahaba, mwanangu. Nshakuoza weye, sasa na weye nioze mie!"